Samansi za madeni ziandikwe pia kwa Kiswahili

Mhariri,

Naandika kuhusu samansi, yaani karatasi za mwito wa mahakama, wanazoletewa watu walioshtakiwa kwa madeni. Jirani yangu hapa Malindi, mvuvi, aliletewa karatasi ya Kiingereza juu ya mkopo wa injini ya mashua. Akadhani ni barua nyingine ya vitisho vya mkopeshaji, akaikunja akaiweka juu ya kabati. Alipokuja kujua maana yake, hukumu ilikuwa imeshatolewa bila yeye kusikizwa, na madalali wako mlangoni. Inauma, kwa sababu sehemu ya deni lile alikuwa ameshalipa na risiti anazo.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Kwa hivyo naiomba Idara ya Mahakama iambatishe kwenye kila samansi ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi: nani anakudai, kiasi gani, ujibu kabla ya siku gani, na kwamba ukinyamaza hukumu yaweza kutolewa ukiwa haupo. Machifu nao walieleze jambo hili barazani. Kwa sasa, yeyote atakayepokea karatasi yenye muhuri wa mahakama aipeleke masjala ya mahakama, yaani ofisi ya majalada ya kesi, siku iyo hiyo, akaulize.

Msomaji,
Malindi