Usiifungue chupa kabla hujasoma hapa

Louisville, Kentucky
9 Novemba

Ndugu yangu Elibariki,

Shimbonyi. Mama Neema hajambo? Watoto je? Sisi huku wazima, ila baridi imeshabisha hodi na saa kumi na mbili jioni giza limeingia.

Ujumbe wako niliusoma kazini, nikaurudia usiku. Namshukuru Mungu Kessy ameifikisha salama chupa ya wiski niliyowatumia. Lakini pale uliposema vijana wameshapanga kuichanganya na kola siku ya kuchoma mbuzi wa ndafu, nilishindwa kulala. Ndiyo maana nimeketi kukuandikia barua nzima.

Hiyo Wild Turkey 101, yaani bata mzinga wa porini, si wiski ya matajiri. Huku inauzwa kama dola 25 hadi 30, mfanyakazi wa kawaida anaimudu. Niliichagua kwa sababu nilifika mwenyewe kiwandani kwao Lawrenceburg, pale kilimani juu ya mto Kentucky. Ni mahindi, Elibariki! Sheria inataka mahindi yasipungue asilimia 51 ndipo wiski iitwe bourbon, na hii ina kama 75. Kinachobaki ni rai, nafaka inayofanana na ngano, na kimea cha shayiri. Ikishapikwa hutiwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa moto ndani mpaka mbao zikapasuka kama ngozi ya mamba. Pipa likishatumika, halirudi tena kwenye bourbon. Hawaongezi rangi yoyote. Wekundu wote utakaouona, na ile harufu ya vanila na sukari iliyoungua, vimetoka kwenye mbao. Kiangazi joto huisukuma wiski ndani ya mbao, baridi ikija inarudi nje, miaka na miaka. Nyingine hupotea hewani, nao wanasema hilo ni fungu la malaika. Niliposimama ghalani harufu ile ilinirudisha kwenye kibanda cha bibi, alipokuwa akifunika mbege, pombe yetu ya ndizi. Nilikaa kimya mpaka wenzangu wakaniita.

Sasa nisikilize vizuri. Hiyo 101 si asilimia. Wamarekani huhesabu ukali kwa kuzidisha asilimia mara mbili, kwa hiyo ni asilimia 50.5, wakati Konyagi ni 35. Mtu akiigugumia kama bia ataungua koo na hataonja kitu. Mimina kidogo, kama mililita 30. Chupa ina 750, basi inatosha watu 25. Usitumie vikombe vya plastiki. Kama huna bilauri ndogo iliyobana mdomoni, zile glasi za mvinyo za Mama Neema zinafaa kabisa. Iache kama dakika kumi, ile hewa kali ya juu ipungue. Usizamishe pua ndani. Isogeze taratibu, mdomo ukiwa wazi kidogo. Funda la kwanza ni la kuuzoesha mdomo tu, usiitolee hukumu. La pili lizungushe ulimini kama unatafuna. Hapo utapata sukari guru, ganda la chungwa, kisha pilipili manga na mdalasini vinavyobaki nyuma. Hiyo ndiyo rai. Halafu tia matone machache ya maji, unuse tena. Utashangaa ilivyofunguka. Anayetaka barafu apewe bonge moja kubwa, maana vipande vidogo huyeyuka haraka na kuifanya maji.

Na ionjwe kabla ya nyama. Pilipili ya ndafu ikishatangulia, ulimi hausikii tena.

Nakuomba mzunguko wa kwanza uende kama kata ya mbege kwetu. Wewe mwenye nyumba onja kwanza, wakuone, kisha mpe Baba. Lakini bado anatumia dawa za presha, sivyo? Muulize daktari wake kabla ya siku hiyo, usikisie. Akikatazwa, anuse tu na umweleze ilivyotengenezwa, nami nitaridhika. Lazima atauliza bata mzinga anatafuta nini kwenye chupa. Mwambie mwaka 1940 Thomas McCarthy, mkubwa mmoja wa kampuni iliyokuwa ikiiuza, alibeba wiski akaenda na wenzake kuwinda bata mzinga wa porini. Mwaka uliofuata wenzake wakaiulizia kwa jina la ndege. Atacheka, namjua.

Kola nayo... vijana wakishaonja kavu, hata funda moja, wakitaka waichanganye na Stoney Tangawizi, ndimu na barafu nyingi. Inapatana nayo kuliko kola. Ila isiwe mwanzo. Kwanza waijue yenyewe.

Unaona nimeng'ang'ania jambo la chupa. Mwaka huu sitakuja Desemba, ruhusa imekataliwa, na Mama bado sijamwambia. Nilitaka kuwa pale mnapochoma mbuzi, nimimine mwenyewe, nikae karibu na Baba nimsikie anavyosema... Huku ninakoishi hakuna kitu kingine ninachoweza kuwaonjesha. Theluji haitumwi. Hii chupa ndiyo iliyotoka karibu na mlango wangu, kwa hiyo nakusihi wasiimalize kwa dakika tano.

Niambie: ndafu ni tarehe 26 au mmesogeza? Nani wanakuja kutoka Dar? Yule shemeji wa Rombo mmeshapatana, au bado hamsalimiani? Mguu wa Baba unaendeleaje, anatembea mpaka shambani? Glasi za mvinyo bado zipo, au zilivunjika kwenye ubatizo? Na unaweza kunipigia video pale Baba anapoinusa, hata kama kwangu ni alfajiri?

Mama usimwambie kwanza. Nitampigia Jumapili akitoka kanisani.

Ndugu yako,
Godlisten