Kilwa kwa siku moja: tazameni mwezi kwanza

Ndugu Mhariri,

Likizo ikikaribia, matangazo ya "Kilwa kwenda na kurudi" kutoka Dar es Salaam huongezeka. Safari hiyo haifai. Kilwa Masoko, mji wa kuvukia kwenda magofu ya kisiwa cha Kilwa Kisiwani, iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Dar, na kila kijiji njiani kina kibao cha 50. Mgeni hufika mchana, akapiga picha Gereza, ngome kongwe ya kisiwani, akakimbilia gari. Masika ni shida zaidi: Mei 2024 maji yaliikata barabara hii eneo la Somanga. Wa Dar alale Masoko.

Anayetoka Lindi mjini siku moja inamtosha, akiondoka saa 11 alfajiri. Nangurukuru anakata kulia, na kwa gari dogo saa mbili na nusu asubuhi yuko Masoko. Hapo ndipo wengi hukosea: wanakwenda moja kwa moja kwenye mashua, nahodha anawauliza kibali, wanarudishwa mjini. Kibali hukatwa ofisini Masoko kabla ya kuvuka. Mtanzania abebe kitambulisho, maana kiingilio chake ni nafuu kuliko cha mgeni. Kwa Jumamosi na Jumapili, zungumzeni na ofisi mapema.

Jambo kubwa ni maji. Siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na katika mwambao wetu maji hukauka kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, yakajaa kati ya saa 10 na saa 11 jioni. Siku hizo ndizo za kuchagua. Mtashuka kwenye tope, basi vaeni ndara zenye mkanda, lakini njia ya ufukweni kwenda Husuni Kubwa itakuwa wazi. Anzeni huko. Ni kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye birika la pembe nane, juu ya jabali. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa mwaka 1331, enzi za sultani huyo. Wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, asubuhi huwa maji kujaa, nanyi mtazunguka kwa njia ya ndani, iliyo ndefu.

Mkirudi, tulieni Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe. Ya kusini, yenye makuba, iliongezwa karne ya 14. Mwambieni mwongoza wageni awaonyeshe mahali zinapoungana. Msipande kuta: ni matumbawe na chokaa, hazikujengwa kukanyagwa. Gereza liwe la mwisho kwa kuwa liko karibu na mnaposhukia.

Kabla ya kuvuka, patana na nahodha nauli ya kwenda na kurudi pamoja, na saa ya kurudi. Saa 9 alasiri inafaa: maji yamekwisha panda, mashua inasogea karibu. Miezi ya kusi, upepo wa kusini, usingoje zaidi ya hapo, hasa kama chombo ni cha tanga.

Msomaji,
Kilwa Masoko, Lindi