Wazee wa Kigoma wa mwaka 1965, tuandikieni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mwezi Mei mimi na mzee wangu tulikwenda Argentina kumwona binti yetu anayefanya kazi Buenos Aires. Akatukatia tiketi za basi la usiku, kilomita kama 700, tukatembee Córdoba siku tatu.

Tulifika tarehe 25, sikukuu yao ya Mapinduzi ya 1810, siku wanayopika locro. Ni mahindi meupe yaliyokobolewa, maharage, boga na nyama, vinachemka polepole hadi boga livurugike na mchuzi uwe mzito. Mzee alionja kijiko kimoja, akanigeukia: “Mama watoto, haya si makande?” Wenyewe hutia nguruwe, nasi hatuli, ila mama mmoja alikuwa na sufuria ya ng'ombe tupu. Alipoona tumemaliza alituongezea bila kuombwa. Empanada za kule ni kama sambusa kubwa iliyookwa, ndani nyama na zabibu kavu, juu sukari. Mzee alizikataa. Mimi nilizipenda sana.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni Alta Gracia, mji mdogo wa vilimani, mwendo wa chini ya kilomita 40. Kuna shamba la kale la mapadri Wajesuiti, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, na waliolifanyia kazi ni Waafrika waliokuwa watumwa. Nilisimama kwenye bwawa lake kitambo, nikawarehemu.

Mitaa michache mbele ipo nyumba aliyokulia Che Guevara, yule mwanamapinduzi wa Argentina. Wazazi wake walihamia mji ule mwaka 1932 kwa ajili ya hewa kavu, mtoto ana pumu. Leo ni makumbusho. Dada wa mlangoni alituuliza tumetoka wapi, nikamwambia Kigoma. Hakupajua. Binti yetu akiwa kwenye simu anatafsiri, nikamweleza kwamba Aprili 1965 mtu wao huyu alivuka Ziwa Tanganyika kutoka kwetu kwenda Kongo, na huko vitani hakuitwa Che. Aliitwa Tatu. Nikamhesabia kwa vidole: moja, mbili, tatu. Akaomba nimwandikie neno lile, nikaliandika kwa herufi kubwa, TATU, naye akalisoma kwa sauti mara mbili.

Mhariri, mimi nimezaliwa Kibirizi. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi, na alikuwa akitutajia boti zilizovuka usiku mwaka ule. Tulikuwa watoto, hatukumuuliza zaidi. Freddy Ilanga, kijana wa Kikongo aliyemfundisha Che Kiswahili, naye alishafariki. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1965 sasa amepita 80.

Ombi langu ni hili: fungua ukurasa, hata nusu, wazee wa Kigoma, Ujiji na Kibirizi wasimulie walichokiona. Nani aliendesha boti? Wageni walilala wapi, walikula nini? Wajukuu wenye simu wawarekodi, wakuletee. Mimi naanza na ya baba, nimeambatanisha kurasa mbili pamoja na picha ya baraza ya nyumba ile ya Che.

Msomaji wako,
Mama wa Kibirizi, Kigoma