Barua kwa Mwanangu Asiyekula Kilichopikwa

Tabata, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa Rehema,

Salamu nyingi zikufikie huko Kimara. Sisi hapa nyumbani hatujambo, na goti la baba yako limetulia tangu mvua zipungue. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwa sababu Jumapili mezani tulizungumza mimi na wewe kwa wakati mmoja, shangazi yako akaongeza la kwake kuhusu wali wake ulioukataa, na mwisho ukaondoka bila hata mmoja wetu kusikia mwenzake amesema nini.

Kwanza nikutoe wasiwasi: sikuandikii ili urudi kwenye ubwabwa. Wewe ni mtu mzima, una mshahara wako na chumba chako, na uamuzi wa kula matunda, mboga, karanga na mbegu bila kuvipitisha motoni haumdhulumu mtu. Wala sikuandikii kwa sababu ya maneno ya majirani. Najua mtaa huu. Msichana akikonda miezi miwili, tayari watu wameshampa ugonjwa na wameshamhesabia siku. Hayo nimeyazoea. Ninachokiandikia ni gauni lile la kitenge nililokushonea mwaka jana, ambalo Jumapili lilikuwa limekushikilia mabegani tu, na jinsi ulivyoshika ukingo wa meza uliposimama ghafla.

Ulisema kwamba ulipoanza ulikuwa na kilo 61, na kwamba sasa, baada ya miezi saba, una 50. Urefu wako ni mita 1.63. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu ile tuliyokuwa tukiwafundisha wanafunzi wa sayansi kimu, ya kugawanya kilo kwa kipeo cha pili cha urefu, na nikaona kwamba mpaka wa chini wa uzito wenye afya, yaani 18.5, kwako unaangukia kwenye kilo 49. Umebakiza kilo moja. Hiyo moja mtu huipoteza kwa homa ya wiki moja.

Sasa nisikilize, kwa sababu nadhani ninalijua kosa lenyewe, na si lile analolisema shangazi yako. Tatizo la chakula chako si kuwa kibichi. Ni kwamba unakula kidogo sana huku tumbo likikuambia umeshiba. Tango, nyanya, tikiti na papai ni maji na nyuzinyuzi kwa sehemu kubwa. Vinajaza tumbo haraka, lakini nishati yake ni ndogo mno. Gramu 100 za tango zina takriban kilokalori 15, za tikiti 30, za papai 43. Niliyakumbuka uliyonitajia kuwa ndiyo mlo wako wa siku ya kawaida: nusu ya papai asubuhi, bakuli la saladi mchana, machungwa matatu, tikiti la kilo moja jioni na ndizi mbivu moja kabla ya kulala. Nimeyajumlisha mara mbili nikidhani nimekosea. Hayafiki kilokalori 900, ilhali msichana wa umri wako anayetoka Kimara kwa mwendokasi, tena mara nyingi akiwa amesimama hadi Kivukoni, anahitaji kama 2,000. Mwili hauwezi kudanganywa kwa muda mrefu. Kinachopungua kwenye sahani, utakichukua kwenye mafuta yako na kisha kwenye misuli yako.

Jambo hili halikuanza kwako. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa Ujerumani uliowahusu watu 513 waliokuwa wakila zaidi vyakula vibichi kwa miaka kadhaa, na baadhi yao hawakuwa hata wameacha kabisa vyakula vya wanyama. Wanaume walikuwa wamepungua kwa wastani takriban kilo 10, na wanawake kilo 12. Robo ya wanawake hao walikuwa chini ya uzito wa kawaida, na takriban asilimia 30 ya wale wenye umri wa chini ya miaka 45 walikuwa siku zao zimevurugika au zimekatika kabisa. Mwanangu, mezani palikuwa na baba yako na kaka zako, kwa hiyo sikuuliza. Nakuuliza hapa. Kama siku zako zimeruka mwezi, usilihesabu jambo hilo kuwa nafuu. Ni mwili uliofunga duka kwa sababu hauna akiba, na mfupa nao hudhoofika wakati huo bila kuuma popote.

Kinachoweza kukurudishia uzito bila kuwasha jiko ni mafuta ya asili na matunda yenye sukari nzito. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, ya wanga au protini 4, na hapo ndipo sahani yako ilipo na pengo. Parachichi moja kubwa, yale yanayoshuka kutoka Njombe na Rungwe, likiwa na nyama ya gramu 250 lina kilokalori 400. Ili kuipata hiyo kwa matango ungehitaji kula zaidi ya kilo mbili na nusu. Nazi je? Umezaliwa pwani, na bado unaniambia unakunywa dafu tu! Maji ya dafu ni mazuri kwa jasho la Januari, lakini nguvu imo kwenye nyama ya nazi iliyokomaa, ambayo gramu 100 zake zina kilokalori 350 hivi. Ikune kwa mbuzi, uikamue tui zito, au uisage yote kwenye blenda na ndizi bila kutupa machicha.

Nimekupangia siku moja ili uone kwamba inawezekana. Asubuhi saga ndizi mbivu nne, nyama ya nazi gramu 80 na tende sita. Hicho ni kinywaji kimoja, na tayari kinakaribia kilokalori 800. Mchana saladi yako ibaki, ila weka ndani yake parachichi zima, vijiko viwili vya ufuta uliosagwa na konzi ya choroko zilizochipua. Saa kumi, kabla ya foleni ya kurudi, kula gramu 50 za korosho au mbegu za maboga na embe moja. Usiku ndizi mbili na nusu ya parachichi. Hapo umepita 2,000 na hujala kitu cha ajabu. Ndizi utazipata kwa bei nafuu Mabibo ukienda asubuhi na kununua mkungu mzima na wenzako wawili. Ukinunua moja moja kwa machinga kituoni, mlo huu utakumaliza mshahara, na nadhani hiyo pia ndiyo sababu umekuwa ukila tikiti.

Ufuta uusage. Ukiumeza mzima, sehemu kubwa hutoka kama ulivyoingia. Na uwe na mazoea ya kula mara tano kwa siku, hata kama husikii njaa, kwa sababu tumbo lililojaa nyuzinyuzi ni mshauri mbaya.

Katika korosho nina neno dogo la pembeni, unisamehe ualimu wangu. Zile zinazouzwa kama korosho mbichi zimekwisha pita kwenye mvuke au moto kiwandani huko Mtwara na Lindi, kwa sababu ganda lake lina mafuta yanayochoma ngozi na haliwezi kubanguliwa hivi hivi kwa usalama. Kula tu, zina faida. Ninachotaka ni usinihesabie dhambi ya moto kwenye sufuria yangu ya maharage huku korosho ukiisamehe.

Sasa nije kwenye yanayonitisha kuliko kukonda. Uliniambia kwamba asubuhi unasaga majani ya kijani yoyote unayoyapata. Usithubutu kusaga kisamvu kibichi. Bibi yako alikitwanga na kukichemsha muda mrefu akiwa na sababu, kwani majani ya muhogo, kama mizizi yake, yana viini vinavyotoa sumu ya sianidi, na kutwanga pamoja na kuchemsha ndiko kunakoiondoa. Najua vijana mnanunua mihogo mibichi kwenye mikokoteni, ikiwa na vipande vya nazi, mkaitafuna njiani. Hiyo ni mihogo baridi, yaani ile mitamu yenye sumu kidogo, na ni vipande vichache, nayo isiwe ndiyo mlo wa mtu aliyeacha vyote vingine. Maharage mekundu nayo yasichipushwe yakaliwa mabichi, kwa maana machache tu yanatosha kukutapisha usiku kucha. Choroko na dengu ndizo za kuchipusha, na katika joto letu zioshwe mara mbili au tatu kwa siku, zikitoa harufu zitupwe zote. Karanga zenye ukungu au uchungu usizionje hata kidogo; sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuosha, wala jiko haliiondoi.

Mboga za majani uliza zimetoka wapi. Nyingi za mjini hulimwa mabondeni, na maji ya mto Msimbazi yanayomwagilia baadhi ya bustani hizo hupokea majitaka mengi ya jiji. Anayepika ana kinga ya moto dhidi ya vijidudu. Wewe umeiacha, kwa hiyo huna budi kuosha jani kwa jani, kisha kusuuza kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Naam, hata ubichi wako unahitaji jiko mahali fulani.

Kuhusu vitamini B12 sitaki mjadala. Haipatikani kwa uhakika katika mmea wowote, si mchicha, si mwani wa Zanzibar, si mlonge. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, na kwa sababu ini huweka akiba ya miaka kadhaa, unaweza kujiona mzima leo, kisha baadaye ukapata ganzi za miguu, usahaulifu na upungufu wa damu, na mishipa ya fahamu ikishaharibika sana huenda isirudi ilivyokuwa. Nunua vidonge; cha mikrogramu 10 au zaidi kila siku kinatosha, au cha 2,000 mara moja kwa wiki. Kama umeacha chumvi pia, kumbuka kwamba chumvi ya dukani ndimo serikali ilimoweka madini joto, kwa hiyo rudisha walau kidogo kwenye saladi. Kwa madini chuma, kamulia limau kwenye mboga na mbegu.

Hoja yako kwamba moto unaua vimeng'enya vya chakula niliisikia. Ni kweli unaviua, ila tindikali ya tumbo nayo huvivunja vingi kama protini nyingine yoyote, na mwili hutengeneza vya kwake vya kumeng'enyea. Mahali ulipokuwa na haki ni kwenye mboga. Nilifundisha miaka 31 na nikawaambia wasichana wachemshe mchicha dakika chache, kisha nikarudi nyumbani na kuupika hadi ukageuka rangi ya udongo, kwa kuwa ndivyo baba yako anavyoupenda. Kwa hilo nakubali kukosolewa, na tangu Jumatatu nimebadilika. Baba yako amenuna.

Ombi langu ni moja, na lina tarehe. Nipe wiki sita za kula kwa mpango huu, ukipima uzito kila Jumamosi asubuhi kabla ya kula, kwa mzani uleule, na ukiandika kwenye daftari. Wiki hii hii tuende tukapime wingi wa damu na B12. Nitakusindikiza, na gharama ni yangu. Ukiongezeka hata nusu kilo kwa wiki, endelea na vibichi vyako na mimi nitakuwa mtetezi wako mbele ya shangazi. Ukibaki palepale, ongeza bakuli moja la dengu au choroko zilizopikwa kwa siku, mengine yote yabaki kama unavyotaka. Bado hutakuwa umekula nyama, maziwa wala yai. Lakini ukishuka chini ya 49, au kizunguzungu kikikuangusha, au siku zako zikakosa mwezi wa pili, hapo hatutasubiri wiki ya sita, tutakwenda kwa daktari na utaifuata lishe atakayokupangia.

Jumamosi nitashuka Kimara Mwisho kama saa tatu. Nakuletea nazi nne, kilo ya ufuta na ile mbuzi ya bibi yako, kwa kuwa ya plastiki uliyonayo haikuni kitu. Uwe na mzani tayari, na usinipikie chai. Nitakunywa hicho kinywaji chako cha ndizi, nione kama kinashibisha.

Ni mimi mama yako,
akupendaye.