Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Umoja wa Wazazi na Walezi

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wenzangu,

Taarifa ya mwaka jana niliianza kwa matokeo ya mitihani. Ya mwaka huu naianza kwa baridi, kwa kuwa ndiyo iliyochukua sehemu kubwa ya muda na fedha za umoja wetu. Sote tunaoishi Makete tunaujua mwezi wa Julai: asubuhi jalidi imelala juu ya majani ya viazi kama chumvi, maji ya bomba yanauma vidole, na ukungu unashuka kutoka uwanda wa Kitulo, ulio zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, hata aliye mstarini asimwone mwenzake wa nyuma. Sisi tumeizoea hali hiyo, tena tuna moto jikoni. Watoto wa bweni hawana.

Usiku mmoja wa mwezi huo, wasichana watatu waliingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na kuziba kwa kanga dirisha lililovunjika kioo. Matroni alipopita kukagua alimkuta mmoja ameketi kitandani ameshika kichwa, akiulizwa jina lake hajibu. Walitolewa nje, wakapelekwa zahanati, na tunamshukuru Mungu kwamba walirudi darasani wiki ileile. Mkaa unaowaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, hulegea na kusikia usingizi, na akilala huenda asiamke. Nilifika kesho yake. Kanga ile ilikuwa bado dirishani, imelowa ukungu.

Yalikuwapo maoni kwamba wasichana wale wasimamishwe shule. Kamati yenu iliomba wasamehewe, maana habari za kioo kile tulikuwa nazo tangu mwaka uliotangulia na hatukuzifanyia kazi. Kosa hilo lilikuwa letu kabla ya kuwa lao, na mimi kama mwenyekiti naomba radhi kwa wazazi wao waliomo humu ukumbini.

Tangu hapo vioo vyote vya bweni la wasichana vimebadilishwa, milango imewekewa vizingiti vipya, na kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza amepata blanketi la pili. Bodi ya shule nayo imekubali ombi letu kwamba kuanzia Juni hadi Agosti wanafunzi waruhusiwe kuvaa koti na kofia ya sufu mstarini, jambo ambalo kanuni ya sare ilikuwa inalikataza. Bweni la wavulana bado. Madirisha ya upande wa mashariki, unakotoka upepo, yamezibwa kwa mbao kwa muda, na mchana chumba kinakuwa giza.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini tuchangie wakati ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Swali ni la haki. Ada imefutwa kweli, lakini blanketi, godoro na sweta vimebaki mikononi mwa mzazi, na wapo walezi wanaolea wajukuu watatu kwa debe za viazi. Mchango wetu ni wa hiari, na hakuna mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kwa ajili yake. Hesabu kamili atazisoma mweka hazina.

Matangazo ni machache. Kidato cha nne wanafanya mtihani wa taifa Novemba, hivyo ziara za wazazi mwezi huo zisitishwe, isipokuwa kwa ugonjwa. Wanaorudi Januari waje na mablanketi mawili na soksi nzito. Jiko la aina yoyote lisipakiwe kwenye sanduku la mtoto. Mafundi wa bweni la wavulana wataanza wanafunzi wakishaondoka kwa likizo ya Desemba, na wanachama wenye mbao kavu za msonobari wanaombwa kumwona katibu leo kabla hatujatawanyika.