Kabla ya kumpima mtoto aliye tumboni, mlete baba

Wajawazito walioambiwa kliniki kwamba wana AS, yaani wamebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua, hutuuliza kwenye dirisha la maabara yetu: "Na mtoto mnampima huko huko tumboni?" Hatumpimi. Sisi tunapima damu ya wazazi na ya watoto waliokwisha kuzaliwa. Kazi hiyo nyingine ni ya daktari bingwa na maabara ya vinasaba. Ila kabla hujaanza kuhangaikia rufaa na nauli, mlete baba wa mtoto.

Selimundu lazima ichangiwe na wazazi wote wawili. Mama AS, baba AA (hana kinasaba hicho): mtoto hawezi kuwa SS, yaani mgonjwa aliyekirithi kwa wote wawili, na habari ya kumpima tumboni inaishia hapo. Wote wakiwa AS, uwezekano wa mtoto kuwa SS ni 1 kati ya 4 kwa kila mimba. Kila mimba, jamani. Wapo wanaodhani wakishampata mgonjwa mmoja zamu yao imepita.

Baba asituletee kile cheti cha kipimo cha haraka kilichoandikwa "chanya" tu. Kinaonyesha seli zinajikunja, basi. AS na SS hakizitofautishi. Sisi tunatenganisha himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) kwa umeme, na hapo huonekana hata himoglobini C, ambayo ikikutana na S nayo huleta ugonjwa.

Mkiwa AS wote, ndipo uamuzi unapokuja. Kati ya wiki ya 11 na 14 daktari anaweza kuchukua chembe za kondo la nyuma. Kuanzia wiki ya 15 huchota maji ya uzazi kwa sindano, huku akifuatilia kwenye ultrasaundi. Kwa daktari mzoefu, mimba zinazoharibika kwa sababu hiyo ni chini ya 1 katika 100. Mama mwenye kundi la damu hasi aseme mapema, maana atahitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto.

Jiulizeni basi: jibu likiwa SS, mtafanya nini? Sheria ya Tanzania inaruhusu kutoa mimba ili kuokoa maisha ya mama, si kwa sababu ya ugonjwa wa mtoto. Wengi hutujibu kwamba wanataka tu kujiandaa. Kwa hao, maoni yetu ni wasubiri. Mtoto akizaliwa, tone la damu ya kisigino linatosha, na muda upo: himoglobini ya kichanga humkinga miezi ya mwanzo, kwa hiyo penisilini na chanjo humwahi kabla ya homa na maumivu. Asiyeweza kukaa na wasiwasi miezi yote hiyo naye ana haki yake, tutamwandikia barua ya kwenda kwa bingwa.

Njooni wawili, chai mmeshakunywa. Kipimo hiki hakihitaji kufunga. Aliyeongezewa damu ndani ya miezi 3 atuambie kwanza, maana damu ya mtu mwingine huvuruga jibu. Majibu kila mmoja hupewa yake, chumbani, mlango umefungwa. Ya mume hatumpi mke, wala ya mke hatumpi mume, mpaka mwenyewe aridhie.