Siku tatu za kaburini hazipimwi kwa saa ya ukutani

Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu tangu enzi zile gazeti lilipokuwa likitufikia hapa Muheza siku ya pili yake, na sijawahi kuwaandikia. Kilichonitoa kwenye ukimya ni ile makala yenu ya wiki ya kuelekea Pasaka, iliyodai kwamba Kristo hakusulubiwa Ijumaa bali Jumatano, kwa kuwa kutoka Ijumaa alasiri hadi Jumapili alfajiri hazitimii saa 72. Mkaipa kichwa cha habari kikubwa kuliko mlichokipa kupanda kwa bei ya mafuta.

Hoja yote imesimama juu ya Mathayo 12:40, ambapo Yesu anasema Mwana wa Adamu atakuwa katika moyo wa nchi siku tatu, mchana na usiku, kama Yona. Maneno hayo yapo, wala sina nia ya kuyakwepa. Lakini Myahudi wa zama zile hakuhesabu siku kama msimamizi anavyohesabu saa za kibarua. Siku yake ilianza jua likizama, na kipande cha siku kiliingia katika hesabu kama siku nzima, usiku wake ukiwamo. Rabi Eleazari bin Azaria, wa kizazi kilichofuata baada ya hekalu la Yerusalemu kuangushwa mwaka 70, anatajwa katika Talmudi ya Yerusalemu, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, akifundisha kwamba mchana na usiku ni kipindi kimoja, na sehemu ya kipindi huhesabiwa kama kipindi kizima. Mpaka leo mtoto wa kiume wa Kiyahudi akizaliwa Ijumaa kabla tu ya magharibi, siku yake ya nane ya kutahiriwa ni Ijumaa inayofuata, kwa sababu kile kipande cha mchana kilichobaki kimekwisha kuwa siku ya kwanza.

Mwandishi wenu angefungua kitabu cha Esta asingepata tabu. Malkia anaagiza watu wafunge siku tatu, usiku na mchana, ndipo aingie kwa mfalme. Sura inayofuata yumo katika ua wa mfalme, na Biblia inasema ilikuwa siku ya tatu, si ya nne. Hata wakuu wa makuhani, ambao hawakuwa na sababu ya kumpendelea Yesu, walimwambia Pilato kwamba alisema atafufuka baada ya siku tatu, na papo hapo wakaomba kaburi lilindwe hata siku ya tatu. Kwao misemo hiyo miwili ilikuwa kitu kimoja.

Sasa niwaeleze gazeti lenu lilifanya nini hapa kwetu. Jioni ya Alhamisi Kuu kwaya ilikuwa kwenye mazoezi, mara kijana wa sauti ya tatu akachomoa ukurasa wenu uliokunjwa mfukoni, akausoma kwa sauti, akauliza kama kesho yake tutaomboleza siku ambayo Bwana alikuwa keshalala kaburini. Mazoezi yakaishia hapo. Wengine wakamshangilia, mwalimu wa kwaya akafunga daftari, na mama mmoja mtu mzima, ambaye hajawahi kukosa ibada ya Ijumaa Kuu, akaniuliza kwa uchungu kama maisha yake yote alikuwa akidanganywa. Aliyetuokoa ni mwenye duka jirani, Mwislamu, aliyekuwa akipanga kreti za soda mlangoni pake. Alicheka tu, akasema, “Wazee wangu, mbona usiku wa Ijumaa wenyewe ndio huu tunaouingia sasa?” Mtu wa pwani anayeusubiri mwandamo wa Ramadhani magharibi hahitaji shahada kuelewa kwamba usiku hutangulia mchana wake, inaelekea chumba chenu cha habari kinahitaji. Na hata hiyo Jumatano haimsaidii mwandishi. Jumapili ile jioni, njiani kwenda Emau, Kleopa na mwenzake, wanafunzi wa Yesu, wanasema leo ni siku ya tatu tangu mambo hayo yatendeke. Kwa Ijumaa hesabu inakaa sawasawa: Ijumaa, Sabato, Jumapili. Kwa Jumatano, kwa hesabu yao wenyewe, Jumapili ni siku ya tano. Je, Kleopa naye alikuwa hajui siku?

Kibaya zaidi, makala yenu imewapa nguvu wahubiri wa stendi. Wapo wanaouza vijitabu vya saa 72 kwa abiria waliokwisha kufunga mikanda, na mmoja wao sasa ameibandika makala yenu juu ya spika yake kama cheti. Ukimwuliza juu ya Esta, anaongeza sauti.

Ninalo pendekezo. Kabla ya Kwaresima ijayo, mteueni mhariri mmoja msaidizi mwenye mkono wa kushoto uliokamilika. Kila makala ya namna hii ikifika mezani, akunje kidole kimoja kwa Ijumaa, cha pili kwa Jumamosi, cha tatu kwa Jumapili, kisha asome Luka 24:21, yale maneno ya Kleopa, kwa sauti mbele ya wenzake. Baada ya hapo auachie mkono, aanze upya na Jumatano. Vidole vikimwishia, aitupe makala kapuni.

Mzee wa kanisa mstaafu,
Muheza, Tanga